Kapasita kwanza, honi baadaye

Naona vijana wa nyuma wanacheka; wanajua naanzia wapi. Ndiyo, naanzia kwenye kapasita, kile kijisehemu cha umeme kinachopunguza besi na kupitisha sauti za juu, na nitaacha siku mtakapoacha kuniletea yuniti zilizokufa, yaani vile vifaa vya kutoa sauti vinavyofungwa nyuma ya honi.

Honi ya spika mnayotengeneza ni ndogo: koo, yaani tundu jembamba linalopokea yuniti, sentimita 2.5, mdomo sentimita 22, urefu karibu 24. Kipenyo kinaongezeka maradufu kila sentimita 7.6 hivi. Honi ya vipimo hivyo inabeba sauti kuanzia hezi 500, yaani mitikisiko 500 kwa sekunde, kwenda juu. Chini ya hapo haibebi kitu, na hapo ndipo yuniti zinapofia. Juu ya hezi 500, hewa iliyobanwa kooni inaikinza diaframu, ule utando mwembamba ndani ya yuniti, kwa hiyo inatikisika kidogo tu na sauti inatoka kubwa. Ukiipelekea besi, inakuwa kama mtu aliyeegemea mlango, komeo likafunguliwa ghafla. Diaframu inaruka, inagonga kipande kilicho mbele yake, inapasuka, au waya mwembamba wa koili inayoitikisa unakatika. Na wewe hiyo besi huisikii, maana honi haiitoi. Unafanya nini? Unaongeza sauti!

Kuna atakayesema, "Fundi, yuniti yangu imeandikwa wati 30, amplifaya yangu ni ya wati 20 tu." Wati hizo 30 huhesabiwa besi ikiwa imeshakatwa, bwana. Tena amplifaya ya wati 20 ukiizidishia mpaka ianze kukwaruza inaweza kufika karibu wati 40. Kibandiko hakikuambii hilo.

Kwa hiyo kapasita moja, kwenye waya mmoja wa yuniti, kwa mfululizo. Kwa yuniti ya omu 8, kukata kuanzia hezi 1,000 kwenda chini, unahitaji kapasita ya maikrofaradi 20. Mbona 1,000 na honi inaanzia 500? Kwa sababu kapasita moja haikati besi papo hapo, inaipunguza desibeli 6 tu kwa kila oktavu, yaani kila hezi zinaposhuka kwa nusu. Iachie nafasi. Ukikosa kapasita isiyo na upande wa chanya na hasi, chukua mbili za elektroliti za maikrofaradi 47, unganisha hasi kwa hasi: utapata 23.5, na itaanza kukata kwenye hezi 850 hivi. Halafu siku transista ya amplifaya ikifa na kumwaga DC, umeme wa mwelekeo mmoja, kwenye waya, kapasita itaizuia. Bila hiyo, koili inaungua kabla hujaifikia swichi.

"Lakini sauti inakuwa nyembamba!" Itakuwa nyembamba, ndiyo. Adhana ikitoka kwenye honi za mnarani, mnasikia besi? Na maneno je, hayafiki? Besi itafutieni spika yake ya koni.

Nilitaka kueleza habari ya mvua, na nyigu wanaojenga kooni, muda umekwisha. Inamisheni mdomo kidogo, wekeni wavu, tundu la yuniti lilingane na koo. Basi. Nani ana multimita ya kupimia omu? Koili nzima ya omu 8 itasoma kama 6. Isiposoma kitu, waya umekatika. Haya, leteni hizo maiti zenu hapa mezani.