Jirjiri kwenye beseni, kuanzia mbegu mpaka mbegu

Assalamu alaykum jamani, karibuni tena roshani kwangu hapa Maskati. Leo tunapanda jirjiri, mboga ya majani inayoliwa mbichi, Kiingereza huitwa arugula au rocket. Kwetu sisi, samaki wa kukaanga na wali bila fungu la jirjiri na ndimu pembeni, chakula hakijakamilika. Ni ukoo mmoja na haradali na figili, ndiyo maana jani lake linawasha ulimi. Asili yake ni mmea wa porini, nchi za Bahari ya Mediterania.

Beseni lolote, kina cha sentimita 15 au 20. Toboa chini kwa msumari wa moto. Udongo, samadi iliyooza vizuri, changanya, sawazisha. Hayo mnayajua.

Sasa sogeeni hapa. Mbegu ndiyo hii, ndogo kuliko ufuta. Chukua kijiko kimoja, changanya na vijiko vinne vya mchanga mkavu ili isirundikane. Chora mifereji kwa kidole, sentimita 15 kutoka mmoja hadi mwingine, umwage mbegu, ufukie nusu sentimita tu.

Maji! Msimwage maji kwa kopo, nawaomba. Mwaka wa kwanza nilimwaga kwa kopo, mbegu zote zikaelea mpaka kona moja, zikaota zimebanana kama nywele, zikaoza. Lowesha udongo KABLA ya kupanda, kisha juu nyunyizia kwa chupa ya kupuliza. Mwenye kopo mkononi aliweke chini kwanza.

Siku ya tatu mpaka ya tano utaona vijani viwili vyenye umbo la moyo. Beseni hili lina wiki mbili, nataka muone ninavyopunguza mi... ngojeni. Ngojeni, niisogeze kamera. Mnaona jani hili? Vitundu vitundu, kama limechomwa sindano. Na yule pale, mweusi, anang'aa, nikimgusa, ah, karuka! Wadudu hao huruka kama viroboto na wanapenda mimea ya ukoo huu. Beseni hili niliacha kulifunika. Lile la pili nimelifunika chandarua tangu siku ya kupanda, tazameni majani yake, hayana hata tundu moja. Basi funikeni siku ile ile, msingoje kuwaona.

Tuendelee. Punguza miche, acha sentimita 10 kati ya mmoja na mwingine. Unayoing'oa usitupe, ile. Mimi hii michanga ndiyo naipenda kuliko yote, kwa chumvi kidogo na ndimu.

Wiki ya nne hadi ya sita, kata kwa mkasi sentimita 3 juu ya udongo, uache kichipukizi cha katikati. Itachipua tena. Hapa kwetu naanza Oktoba joto likipungua, na kila wiki tatu napanda beseni jipya. Joto likirudi majani huwa makali na shina hupanda juu kutoa maua. Mlioko Lushoto, Arusha au Nairobi, baridi yenu inaifaa kuliko hewa yetu.

Wengi wakiona ua wanang'oa. Msing'oe! Tazameni ua hili: petali nne zimekaa msalaba, rangi ya mtindi, na ndani vimepita vishipa vya zambarau iliyokoza kama vilivyochorwa kwa wino. Linaliwa pia. Ile yenye maua ya manjano na majani membamba ni nyingine, jamaa yake.

Kwa mbegu, acha mimea sita au saba pamoja, kwa sababu mmoja peke yake kwa kawaida haujichavushi, unahitaji chavua ya mwenzake. Na chandarua sasa KIONDOE, nyuki wapite. Narudia, kiondoe, maana ukikiacha utapata maua mengi na maganda matupu.

Maganda yakigeuka rangi ya majani makavu, kata asubuhi na mapema, bado yana umande. Ukichelewa mpaka mchana yanapasuka mkononi na mbegu zinamwagika chini. Tia kichwa chini ndani ya mfuko wa karatasi, tundika kivulini wiki moja, kisha fikicha, pepeta kwa ungo.

Bahasha za mbegu za msimu huu ninazo, nimezipepeta mwenyewe. Anayezitaka aandike hapo chini. Haya, nifunike beseni hili la viroboto kabla hawajalimaliza.