Kurekebisha siti ya baiskeli ukiwa njiani: Busia hadi Mbale

Habari zenu, karibuni tena. Hapa ni Busia, upande wa Uganda, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na malori yameshapanga foleni ya mpakani kama kawaida yake. Leo tunaendesha hadi Tororo, halafu Mbale, kama kilomita 80 hivi. Mwenye baiskeli nyepesi atazimaliza kabla ya chakula cha mchana. Sisi tutafika jioni, maana kila nikihisi kitu mwilini nitasimama, nitoe spana, nirekebishe siti mbele yenu. Binamu yangu anashika kamera, amepakiwa kwenye pikipiki. Picha ikitikisika, lawama ni zake.

Mtauliza kwa nini nisirekebishe nyumbani. Uani kwako kila siti ni nzuri. Unakaa, unazungusha pedali dakika tano, unasema hapa hapa. Goti halisemi kitu hadi saa mbili zipite na mapaja yaanze kuchoka.

Tazameni nilichobeba. Baiskeli yangu ni ile nyeusi ya chuma, ndugu ya zile zilizovusha watu hapa mpakani miaka ya 1960, hadi neno bodaboda likazaliwa kabla pikipiki hazijalichukua. Siti yake inafungwa kwa nati za namba 13, kwa hiyo nina spana ya 13 na nyingine ya bolti inayobana bomba la siti. Kama yako ni ya kisasa, beba alenki, zile spana za pembe sita, za 4, 5 na 6. Halafu tepu ya kupimia, tepu nyeusi ya mafundi umeme, kalamu, na uzi wenye nati iliyofungwa mwishoni. Huo uzi ni timazi, kama ya fundi mwashi. Kazi yake mtaiona.

Sasa urefu. Simama bila viatu, mgongo ukutani, ubane kitabu kigumu katikati ya mapaja, ukipandishe hadi kikugonge kama siti inavyokugonga. Mwenzako apime kutoka juu ya kitabu hadi sakafuni. Mimi nimepata sentimita 80. Zidisha kwa 0.883. Hesabu hiyo ilienezwa na Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mwaka 1986, 1989 na 1990. Kwangu inatoa 70.6. Hiyo ndiyo nafasi kutoka katikati ya ekseli kubwa ya fremu, pale mikono miwili ya pedali inapokutana, hadi juu ya siti, ukipima sambamba na bomba.

LeMond hakuwa na siti ya springi wala raba za sokoni, kwa hiyo msiichukue namba hiyo kama aya ya msahafu. Ihakikishe kwa kisigino. Vaa viatu utakavyosafiria, shikilia ukuta, weka kisigino kwenye pedali iliyofika chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuegemea upande. Ukirudisha mguu mahali pake, sehemu pana nyuma ya vidole ikiwa juu ya ekseli ya pedali, goti litakunja kidogo, kama nyuzi 25 hadi 35. Ukipima umevaa raba halafu usafiri na ndala, umejidanganya kwa sentimita nzima au zaidi.

Jambo moja la hatari kabla hatujaondoka. Bomba la siti huwa na mstari unaoonyesha mwisho wa kulipandisha. Mstari huo ukae ndani ya fremu. Baiskeli za zamani nyingi hazina, basi acha angalau sentimita 8 ndani. Bomba likikatika ukiwa kwenye mteremko, hutahitaji video yangu tena.

Halafu zungushia tepu nyeusi kwenye bomba, pale hasa linapoingia kwenye fremu. Inaonekana kama pambo. Subirini.

Twende.

Kilomita kumi za kwanza sina la kusema. Hewa ni baridi, barabara inapanda na kushuka taratibu, watoto wa shule wanatupigia kelele. Karibu na kilomita ya 20 goti la kushoto linaanza kuuma, kwa mbele, chini ya kile kifupa cha mviringo. Mnaniona nalisugua. Goti likiuma kwa mbele, mara nyingi siti iko chini mno au imesogea mbele mno, kwa hiyo goti linakunjwa kupita kiasi kila mzunguko. Likiuma kwa nyuma, siti iko juu mno au nyuma mno. Kiuno kikicheza kushoto na kulia kama cha mtu anayepanda ngazi, iko juu. Viganja vikifa ganzi, pua ya siti imeinama na unateleza mbele hadi mikono inabeba mwili. Ganzi ikishika msamba, pua imeinuka au siti iko juu, na hapo simama mara moja. Ganzi ya pale si ya kuvumilia kiume.

Mimi nikaamua siti iko chini, niipandishe. Nilikuwa nimeshatoa spana nikakumbuka mwamba wa Tororo unaonekana kule mbele, na chini yake mafundi hawakosekani. Nikavumilia hadi mjini.

Huyu mzee mnayemwona chini ya mwembe ametengeneza baiskeli tangu sijazaliwa. Amekataa kuonyeshwa uso, kwa hiyo mtaona mikono tu. Sikilizeni.

"Jambo, mzee."

"Jambo, kijana. Umetoka wapi na jasho hilo?"

"Busia, mzee. Goti linaniuma, nataka kupandisha siti."

"Nani kakuambia ipandishwe?"

Akaweka kidole kwenye ile tepu nyeusi. Ilikuwa imekunjamana mdomoni mwa fremu kama soksi iliyoshuka. Nikapima: 69.8. Siti ilikuwa imezama milimita 8 njiani bila mimi kujua! Vipimo vya asubuhi havikuwa na kosa. Bomba halikubanwa vizuri.

"Unabishana na siti," akasema, "na siti inatembea."

Tazameni alivyofanya. Amelitoa bomba, akalifuta mafuta kwa kitambaa kikavu. Akakata ukanda kwenye kopo la soda, upana wa vidole viwili, akauviringisha kwenye bomba, akalirudisha. Sasa linaingia kwa shida kidogo, na ndivyo tunavyotaka, kwa sababu bomba langu ni jembamba kuliko tundu la fremu. Akakaza bolti, kisha akaikalia siti kwa uzito wake wote na kujirusha mara tatu. Haikushuka. Msifanye hivi kwenye fremu ya kaboni. Hiyo ina krimu yake maalumu ya kupaka na kipimo cha kukazia kilichoandikwa kwenye kibanio. Chuma kwa chuma haina neno.

Tumeirudisha 70.6, hapo hapo, wala sijaongeza kitu. Ukibadilisha mambo mawili kwa pamoja, maumivu yakiisha hutajua lipi limekuponya.

Tukala kikomando, chapati iliyokatwakatwa na maharage, na nikatumia muda huo kupima mbele na nyuma. Kaa kwenye siti, binamu akushikilie, mikono ya pedali ilale sawasawa na ardhi, kama mishale ya saa tatu na robo. Shusha timazi kutoka mbele ya goti lililo mbele. Uzi upite karibu na ekseli ya pedali. Wangu ulipita sentimita 2 mbele yake. Kuna wanaoishika kanuni hii kama sheria na kuna wanaoicheka. Mimi naona inafaa kuanzia tu, maana mapaja ya watu hayalingani. Nimesukuma siti nyuma sentimita 1, si 2.

Na hapa watu wengi hukosea. Bomba la siti limelala kwa nyuma, kwa hiyo ukisukuma siti nyuma sentimita 1, unaiweka pia mbali na pedali kwa kama milimita 3. Ni sawa na kuipandisha. Nilijua hilo na bado nikasema ngoja, nione.

Kutoka Tororo kuelekea Mbale goti limenyamaza kabisa kwa mbele. Sasa ni vidole. Kidole cha mwisho na cha pili yake, mkono wa kulia, vinawasha kama nimevilalia. Tumesimama kivulini. Niliweka simu juu ya siti, kwenye programu ya pima maji, na pua ilikuwa imeinama karibu nyuzi 4. Kibanio cha siti za aina hii kina meno, kwa hiyo huwezi kuchagua pembe yoyote upendayo. Legeza nati za pande zote mbili, inua jino moja, kaza kwa zamu, kushoto kidogo, kulia kidogo. Sasa siti imelala karibu sawa. Baada ya nusu saa vidole vimerudi.

Huku ni Busiu, na ule ukuta mkubwa wa mawe mkono wa kulia kule mbele ni Wanale, unaolinda Mbale. Zile milimita 3 zimekuja kudai. Kuna mkazo nyuma ya goti kila mguu unapofika chini. Si maumivu, ni kama kamba inayovutwa. Nimeshusha bomba milimita 3, sasa ni 70.3. Binamu ananicheka, anasema milimita 3 ni unene wa chapati ya hoteli ya bei rahisi. Mguu unazunguka zaidi ya mara elfu nne kwa saa, mwambieni.

Mbale, saa kumi na moja kasoro jioni. Nimechoka mapaja, sikuumia popote. Hapa stendi naandika kwenye daftari: urefu 70.3, siti nyuma sentimita 1 kutoka ilipokuwa, pua sawa, raba nyeusi. Andikeni na viatu. Baiskeli inarudi Busia juu ya basi, na turniboi, yaani utingo, ataing'oa siti apate nafasi ya kuifunga, nawajua hawa. Kwa hiyo naitoa ile tepu iliyokunjamana, nafunga mpya pale bomba linapoingia kwenye fremu, nachora mstari wa kalamu kwenye reli za siti mbele ya kibanio, na kile kipande cha kopo nakitia mfukoni.