Sketi ya hovakrafti: vidole au mfuko?

SEKELA: Ugonile, wasikilizaji wetu. Kaka Lusajo ametoka bondeni juzi na kichwa kimejaa.

LUSAJO: Kimejaa kweli, dada. Nilikuwa Kyela wiki hii. Maji yametapakaa kwenye mashamba ya mpunga, kina hakifiki magotini. Mtumbwi unagota, boti ya injini pangaboi lake linakamata magugu, bodaboda usiseme. Watu wanapita kwenye tope na magunia kichwani. Nikasema leo tunazungumzia hovakrafti, chombo kinachoelea juu ya hewa ambayo feni inaipuliza chini yake.

SEKELA: Na umeniletea mambo manne: inavyoelea, injini, usukani na matumizi. Anza na kuelea, tusikae sana hapo.

LUSAJO: Chukua chombo cha watu wawili. Urefu mita 3, upana mita 1.8, kwa hiyo eneo la chini ni mita za mraba 5.4. Jumlisha bodi, injini, mafuta na watu, tuseme kilo 300. Ukigawanya, kila mita ya mraba inabeba kama kilo 55 tu.

SEKELA: Mtu mzima akisimama kwa miguu miwili, nyayo zake zinakandamiza kwa zaidi ya kilo 1,500 kwa kipimo hicho hicho. Ndiyo maana yeye anazama topeni na chombo kinapita.

LUSAJO: Na kikisimama juu ya maji huku feni inapuliza, maji chini yake yanabonyea sentimita 5 na nusu, basi. Presha yenyewe ni ndogo. Kazi ni kuizuia hewa isitoroke.

SEKELA: Sasa umefika kwenye sketi.

LUSAJO: Nimefika, na sitoki haraka. Sketi ni kitambaa kinachozunguka chini ya bodi kuizuia hewa hiyo. Mzunguko wa chombo hiki ni mita 9.6. Ukiacha upenyo wa sentimita 1 chini kuzunguka chote, umefungua mlango wa karibu mita ya mraba 0.1. Kwa presha ile hewa inatoka kwa kasi ya kama mita 30 kwa sekunde. Feni lazima ijaze mita za ujazo 2 hadi 3 kila sekunde, na injini ndogo inaliweza hilo. Upenyo ukiwa sentimita 2, unahitaji hewa maradufu. Sasa ondoa sketi, taka bodi yenyewe ipae sentimita 20 juu ya ardhi. Hiyo ni hewa mara 20.

SEKELA: Ndiyo historia yake. Christopher Cockerell, Mwingereza, alijaribu wazo hili mwaka 1955 kwa makopo mawili, moja ndani ya jingine, na kipulizia hewa juu ya mizani ya jikoni. Chombo cha kwanza kikubwa, SR.N1, kilivuka kutoka Calais hadi Dover tarehe 25 Julai 1959, na wakati huo hakikuwa na sketi. Kilipaa kama sentimita 23 tu, mawimbi yakakisumbua. Walipokivalisha sketi baadaye, ndipo kikaanza kuruka vikwazo vya maana.

LUSAJO: Kwa hiyo anayetaka kutengeneza chombo hiki hapa kwetu, fundi wa kwanza kumtafuta ni wa cherehani, siyo wa injini.

SEKELA: Nenda Mwanjelwa, hapa Mbeya mjini, mafundi wapo. Lakini kitambaa? Watu watakimbilia turubai la lori.

LUSAJO: Wasithubutu. Turubai la lori ni zito na gumu, halifuati mabonde ya ardhi, na likipigapiga linapasuka kwenye mkunjo. Tafuta nailoni nyepesi iliyopakwa mpira. Uzi uwe wa poliesta; wa pamba utaoza. Mishono isibanane, acha milimita 4 au 5 kati ya tundu na tundu. Ukishona karibu karibu umekitoboa kitambaa mstari mzima, kitachanika hapo hapo.

SEKELA: Na ukingo wa chini?

LUSAJO: Ukate kwa kisu cha moto ili nyuzi zishikane. Usiukunje, pindo hufanya ukingo kuwa mgumu na hubeba tope. Sasa mimi nasema sketi ya vidole. Vipande kama 60 kuzunguka bodi, kila kimoja kimefungwa juu kwenye ukingo wa nje na chini kwa ndani. Kisiki kikichana kimoja, jirani zake wawili wanavimba na kuziba pengo. Unafika nyumbani, unakata kebo tai, yaani kile kikamba cha plastiki cha kufungia, unaweka kingine.

SEKELA: Hapo sikuungi mkono. Kwa Kyela ni mfuko. Bomba moja la kitambaa linazunguka bodi yote, feni inalijaza, na matundu ya upande wa ndani yanapitisha hewa kwenda chini ya chombo. Vidole vyako vya nyuma, chombo kikisimama majini na kurudishwa na upepo, vinachota maji kama ndoo. Kila kimoja kinajaa, chombo kinakuwa kizito, hakinyanyuki.

LUSAJO: Vya nyuma vinashonwa kwa umbo jingine, vinafungwa upande wa nyuma visichote.

SEKELA: Basi umeongeza kazi. Vipande 60, kila kimoja na mishono yake na sehemu zake za kufunga! Mfuko unatoboa matundu machache ya kutoa maji nyuma kabisa, umemaliza.

LUSAJO: Na kona? Mfuko kwenye kona lazima ukatwe kwa ramani sahihi, ukikosea unajikunja na kuvujisha. Halafu mfuko ukichanika mita moja kwenye tuta la jaruba, upande mzima unakaa chini. Utainua chombo cha kilo 150 katikati ya maji upake gundi?

SEKELA: Tuta la jaruba la sentimita 30 halivukwi na sketi yoyote ya sentimita 20, iwe vidole au mfuko. Hilo ni la kupita kwenye njia ya maji.

LUSAJO: Na pua? Mfuko wa mbele ukikokotwa na maji kwa kasi unaingia chini ya bodi. Pua inazama, chombo kinasimama ghafla, dereva anarushwa mbele.

SEKELA: Kwa sababu umeweka uzito mbele! Sogeza betri na tangi la petroli nyuma mpaka chombo kikielea papo hapo kikae sawasawa, pua imenyanyuka kidogo. Usiusingizie mfuko kosa la mpakizi.

LUSAJO: Bado nasema vidole.

SEKELA: Na mimi mfuko. Anayesafiri peke yake kwenye tambarare ya maji hahitaji kubeba vipuri 60.

LUSAJO: Ndiye hasa anayehitaji! Waokoaji wa RNLI kule Uingereza wanapita na hovakrafti kwenye matope ya Morecambe Bay...

SEKELA: Wana karakana na timu nzima ya mafundi nyuma yao. Usitulinganishe. Kaka, tumebakiwa na dakika mbili, na injini hatujaigusa.

LUSAJO: Usukani pia. Haya, haraka: hakuna breki. Unageuza pua nyuma usukume kinyume, au unapunguza hewa chombo kikae. Na majini, kikianza kwenda kinasukuma wimbi mbele yake. Lazima utie moto wote ulipande. Ukizidisha mzigo hutalipanda, utakaa nyuma ya wimbi hilo unachoma petroli tu.

SEKELA: Na kwa anayejaribia Mbeya mjini, mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, injini isiyo na tabo, kile kifaa cha kuisukumia hewa, inapoteza karibu asilimia 17 ya nguvu. Bondeni Kyela itaamka. Usibadilishe feni kabla hujajaribu kule.

LUSAJO: Wavu wa chuma kwenye feni, mbele na nyuma, matundu yasipitishe kidole cha mtoto. Na kamba ya kuzima injini ifungwe mkononi mwa dereva.

SEKELA: Matumizi wiki ijayo. Ndaga fijo.

LUSAJO: Vidole, jamani.

SEKELA: Zima hiyo maiki.