Jinsi ya Kuchagua Pawa Saplai ya Kompyuta ya Gemu ya Bei Nafuu

Karibu. Leo tunachagua pawa saplai, yaani kifaa kinachochukua umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya kompyuta, kwa kompyuta ya gemu yenye bajeti ndogo. Wengi hukinunua kifaa hiki mwisho kabisa, kwa pesa iliyobaki baada ya prosesa na kadi ya grafiki, na hapo ndipo mashine nyingi huharibikia. Prosesa ikifa, imekufa peke yake. Pawa saplai mbovu ikifa inaweza kuondoka na madabodi (bodi kuu ya kompyuta), kadi na diski kwa mpigo mmoja. Kwa hiyo tenga pesa yake mapema, kabla hujaamua kadi gani utanunua. Kaa na kalamu na karatasi, maana tunaanza na hesabu.

Hatua ya kwanza: jumlisha wati. Andika vitu vitatu tu, yaani prosesa, kadi ya grafiki, na vilivyobaki vyote kwa pamoja. Kwenye prosesa usidanganywe na namba iliyo kwenye boksi. Ryzen 5 5600 imeandikwa wati 65, lakini inaruhusiwa kufika 76. Core i5-12400F nayo imeandikwa 65, ila ikikaza mbio inafika 117. Tafuta ile namba ya juu. Kadi ya RX 6600 inakula 132, RTX 4060 inakula 115, RTX 3060 inakula 170. Vilivyobaki, yaani madabodi, RAM mbili, SSD moja na feni tatu, vipe wati 50.

Tufanye mfano. Ryzen 5 5600 pamoja na RX 6600: 76, jumlisha 132, jumlisha 50, unapata 258. Sasa zidisha mara moja na nusu: 387. Saizi ya karibu inayouzwa ni wati 450, na hiyo inakutosha. Mfano wa pili, i5-12400F na RTX 3060: 117, 170 na 50 ni 337, mara moja na nusu ni kama 506. Chukua 550.

Kwa nini nusu nzima ya ziada? Kadi ya grafiki haivuti umeme kwa utulivu. Ndani ya sekunde moja inaruka juu na kushuka mara nyingi, na mruko mmoja, ingawa ni wa muda mfupi kupindukia, unaweza kupita kiwango chake cha kawaida kwa mbali. Pawa saplai iliyobanwa kwenye ukomo wake inauona mruko huo kama hatari na inajizima. Nafasi ya ziada pia inafanya feni izunguke polepole, joto lipungue, na kapasita za ndani, yaani vipande vinavyohifadhi umeme kwa muda, zidumu.

Ila usiende upande wa pili ukanunua 850 ya jina lisilojulikana eti kwa sababu namba ni kubwa. Kwa pesa ileile, 550 nzuri ni bora kuliko 850 ya ovyo. Na ondoa hofu ya bili: pawa saplai ya wati 750 haili wati 750 muda wote. Inatoa kile kompyuta inachoomba, basi.

Hatua ya pili ndiyo moyo wa video hii, kwa hiyo simamisha hapa ukihitaji. Geuza pawa saplai utazame lebo yake ya pembeni. Kama unanunua mtandaoni, omba picha ya lebo hiyo. Muuzaji asipotaka kuituma, tafuta mwingine.

Lebo ina jedwali. Utaona safu za +3.3V, +5V, +12V, -12V na +5Vsb, na chini ya kila moja kuna ampea. Weka kidole kwenye +12V. Prosesa na kadi ya grafiki, yaani karibu mzigo wote wa kompyuta ya gemu, vinakula hapo. Chukua ampea za +12V uzidishe kwa 12. Hizo ndizo wati unazonunua kweli.

Tazama lebo hizi mbili kwenye skrini. Ya kushoto imeandikwa 500W kwa herufi kubwa. Kwenye jedwali, +12V ina ampea 25. Mara 12, ni wati 300. Zilizobaki zimerundikwa kwenye volti 5 na volti 3.3, ambako kompyuta ya siku hizi haizihitaji. Ya kulia imeandikwa 550W, na +12V yake ina ampea 45, sawa na wati 540. Kwenye boksi tofauti yao ni wati 50, lakini kwenye kazi ni 240. Muundo mzuri wa kisasa unatoa asilimia 90 au zaidi ya wati zake kupitia volti 12. Ukikuta chini ya asilimia 80, irudishe kwenye rafu.

Kuna mtego mwingine hapohapo. Lebo nyingine zinaigawa volti 12 mara mbili: 12V1 ampea 18, 12V2 ampea 18. Usijumlishe upate 36. Shuka chini ya jedwali utafute kisanduku kinachoonyesha wati za pamoja za volti 12. Mara nyingi ni pungufu ya jumla hiyo. Na ukiona neno "peak" au "max" limekaa karibu na namba kubwa, jua hicho ni kiwango cha muda mfupi. Unachotaka ni wati ambazo inaweza kuzitoa mfululizo.

Hatua ya tatu, nembo ya 80 Plus. Hii inapima ufanisi, yaani sehemu gani ya umeme wa ukutani inafika kwenye kompyuta badala ya kupotea kama joto. Kwenye umeme wa volti 115, Bronze inatakiwa kufika asilimia 85 ikiwa na mzigo wa nusu, na Gold asilimia 90. Kwa kompyuta inayokula wati 250, Bronze inavuta kama 294 ukutani, Gold kama 278. Wati 16 tu. Kwa bajeti ndogo Bronze inatosha kabisa, na huna sababu ya kuikata kadi ya grafiki ili upate Gold. Kumbuka pia kwamba nembo haisemi lolote kuhusu ulinzi wala uimara. Na kwa kuwa mtu yeyote anaweza kuchapisha stika, chukua namba ya modeli uitafute kwenye orodha rasmi ya 80 Plus, ambayo iko wazi mtandaoni.

Sasa geuza nyuma, pale inapochomekwa waya wa ukutani. Ukiona kiswichi chekundu cha 115 na 230, huo ni muundo wa zamani, na mimi ningeiacha. Muundo wa kisasa unapokea volti 100 hadi 240 wenyewe bila swichi. Kama huna namna na unayo ya swichi, ihakikishe kabla ya kuwasha: ikiwa kwenye 115 huku ukuta una volti 230, italipuka kwa kishindo na moshi.

Hatua ya nne, waya. Unahitaji plagi ya pini 24 ya madabodi, plagi ya pini 8 ya prosesa inayogawanyika 4 na 4, na plagi ya kadi ya grafiki ya 6 na 2. Plagi ya pini 6 inaruhusu wati 75, ya pini 8 inaruhusu 150, na kadi yenyewe inapata hadi 75 nyingine kutoka kwenye sloti. Hesabu matundu kwenye kadi yako kabla ya kununua.

Pawa saplai isiyo na plagi ya 6 na 2 usiinunue kwa kompyuta ya gemu, hata muuzaji akikupa adapta ya bure. Adapta ya kutoka SATA, ile plagi ya umeme ya diski, ndiyo hatari kuliko zote. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja ampea 1.5. Jumla ni ampea 4.5, sawa na wati 54. Kadi inaiomba plagi ya pini 8 hadi 150. Plastiki inayeyuka, na wakati mwingine inashika moto.

Angalia kwa karibu plagi hizi mbili nilizoshika. Zote zina pini 8, lakini moja ni ya prosesa, nyingine ya kadi ya grafiki, na mpangilio wa chanya na hasi umegeuzwa. Umbo la matundu linazizuia zisiingiliane, ila mtu akikaza nguvu zinaweza kuingia, na hapo ni shoti. Ya prosesa inagawanyika katikati, ya kadi inabandua pini mbili pembeni. Plagi ikikataa, usiisukume.

Kama pawa saplai yako ni ya waya zinazochomoka, shika sheria moja: waya zake ni zake. Upande wa pawa saplai hauna mpangilio wa pamoja, kila kampuni ina wake, na hata modeli za kampuni moja zinatofautiana. Waya wa modeli nyingine unaweza kuingia vizuri kabisa kisha ukapeleka volti 12 kwenye SSD inayotaka volti 5. Ukinunua iliyotumika bila waya zake, hujanunua kitu.

Saizi haina mengi. Pawa saplai ya ATX, yaani saizi ya kawaida, ina upana wa milimita 150 na urefu wa 86 kwenda juu. Kina kinaanzia 140. Pima nafasi ya kasha lako, hasa kama kuna kizimba cha diski mbele yake. Kama pawa saplai inakaa chini, waya wa prosesa uwe na sentimita 60 au zaidi ufike juu ya madabodi.

Hatua ya tano ni ulinzi. Kwenye ukurasa wa modeli tafuta herufi hizi: OVP, volti zikizidi, UVP, zikishuka, OCP, ampea zikizidi, OPP, mzigo wote ukizidi, SCP, shoti, OTP, joto. Modeli za bei ya chini hupenda kuacha OTP na OCP. Mimi ningesisitiza OPP, SCP na OTP kwa vyovyote vile. Tafuta pia mapitio ya watu walioifungua wakapiga picha za ndani. Kapasita za kuhimili joto la nyuzi 105 ni bora kuliko za nyuzi 85, kwa sababu kila joto linapopungua kwa nyuzi 10, umri wa kapasita unakaribia kuongezeka maradufu. Wewe mwenyewe usiifungue. Kapasita kubwa ya ndani inaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa waya.

Neno fupi kuhusu zilizotumika. Ile ya kutoka kwenye kompyuta ya ofisi ya Dell au HP mara nyingi haina plagi za kawaida wala umbo la kawaida, kwa hiyo haitaingia kwenye kasha lako. Nyingine yoyote, uliza mwaka iliponunuliwa na linganisha na miaka ya waranti. Ikishapita, bei iwe ya kutupwa au uiache. Inuse pia mdomoni mwa feni. Harufu ya kuungua haitoki kwa kusafisha.

Kabla ya kufunga, ijaribu nje ya kasha. Chomoa ukutani. Kwenye plagi ya pini 24, unganisha waya wa kijani, ambao ni pini ya 16, na waya mweusi wa jirani, pini ya 17, kwa kipande cha waya. Kisha chomeka ukutani uwashe. Sasa pima volti kwa multimita, kile kipimo cha umeme: mweusi na wa njano uonyeshe kati ya 11.4 na 12.6, mweusi na mwekundu kati ya 4.75 na 5.25. Nje ya hapo, irudishe dukani. Ndani ya hapo, imevuka kizingiti cha kwanza tu, kwa sababu bado haijabeba mzigo.

Funga sasa. Kama kasha lina matundu na chujio chini, feni ielekee chini. Kama halina, ielekee juu. Skrubu nne, plagi zote zilie "klik".

Washa gemu nzito kwa nusu saa. Picha ikipotea huku feni za kadi zikivuma, anza na waya wa kadi, huenda haujaingia vizuri. Kompyuta ikizima yote ghafla, bila ujumbe wowote, na isikubali kuwaka mpaka uzime swichi ya nyuma na kuiwasha tena, ulinzi wa pawa saplai umejifunga. Fungua MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kadi ya grafiki, punguza kikomo cha nguvu cha kadi hadi asilimia 75, ucheze tena gemu ileile sehemu ileile. Ikiacha kuzima, pawa saplai ndiyo haimudu mzigo. Iendeshe kwa kikomo hicho kwa muda, na uibadilishe waranti ikiwa bado hai.