Desmond Clark na miti ya Kalambo

Ndugu walimu, wanafunzi na wageni wetu hapa Mbeya, karibuni. Ukishika barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, kisha ukateremka kuelekea mpaka wa Zambia, utafika Maporomoko ya Kalambo, ambako maji huanguka zaidi ya mita 200 kwa mkupuo mmoja. Wengi hupiga picha wakarudi. Mwanaakiolojia John Desmond Clark yeye alichimba kule juu, kabla mto haujaanguka, kwenye bonde lililojaa mchanga na mfinyanzi.

Alizaliwa London mwaka 1916, akasoma Cambridge. Mwaka 1938 alianza kazi kwenye makumbusho ya mji wa Livingstone, Zambia ya leo. Vita vilimpeleka Ethiopia na Somalia, na huko nako akakusanya zana za mawe. Kuanzia 1961 hadi 1986 alifundisha Berkeley, Marekani. Lakini kazi iliyombeba ni Kalambo, aliyoitambua mwaka 1953.

Kwa nini Kalambo? Wenzetu wa Iringa wanalijua korongo la Isimila: mashoka ya mkono ya mawe yamejaa, mti hakuna hata kijiti. Mti huozeshwa na kuvu na bakteria, nao wanahitaji hewa. Kalambo matabaka ya chini yalibaki yamelowa maji, hewa haikupenya, miti ikadumu.

Mti wa namna hiyo una hila yake. Umbo lake limeshikiliwa na maji yaliyomo ndani. Uache juani, maji yatoke, nao utajikunja na kupasuka, na alama za kuchongwa zitapotea pamoja na ganda la juu. Kwa hiyo hufunikwa kwa kitambaa chenye maji tangu unapochungulia shimoni, na huhifadhiwa majini.

Kikwazo kikubwa kilikuwa umri. Umri wa mti hupimwa kwa kaboni ya mnururisho iliyobaki ndani yake, nayo hupungua nusu kila miaka 5,730. Ikipita miaka 50,000, iliyobaki haifiki sehemu 1 kati ya 400. Hapo uchafu mdogo huharibu hesabu yote. Mizizi michanga ikiingiza asilimia 1 tu ya kaboni mpya, mti wa miaka laki nne utasomeka kama wa miaka 38,000 hivi. Tusimlaumu Clark kwa hilo. Kipimo cha kufaa hakikuwepo.

Kipimo hicho kilikuja baadaye, nacho hupima mchanga wenyewe, si mti. Chembe za mchanga zikifukiwa gizani hukusanya nishati kutoka kwenye mnururisho wa udongo unaozizunguka. Mwanga ukizigusa, hesabu inarudi sifuri. Ndiyo maana bomba hupigiliwa ukutani mwa shimo, huzibwa pande zote, na kufunguliwa maabara chini ya taa nyekundu hafifu. Fundi akizembea kuziba, sampuli imekufa.

Mwaka 2019 timu iliyorudi Kalambo ilikuta magogo mawili, moja limelala juu ya jingine kwenye pengo lililochongwa makusudi. Matokeo yalitangazwa 2023: takriban miaka 476,000.

Clark naye alikuwa ametoa miti ardhini humo, mingine akidhani imechongwa na watu, asiweze kuthibitisha. Aliandika juzuu tatu kuhusu Kalambo: 1969, 1974 na 2001. Alifariki Februari 2002, miaka 17 kabla magogo hayo hayajafunuliwa.