Pingili za shingo msizifukie

Ndugu zangu, haya nimeyasema Nyegezi, nimeyasema Ukerewe, na leo nayarudia. Ukichimba msingi au shimo la choo ukakuta mifupa ya mtu, usiokote fuvu ukafukia mengine. Kila ninapoitwa nakuta fuvu kwenye mfuko wa saruji. Shingo iko wapi? "Vilikuwa vijifupa tu, mwalimu."

Vijifupa! Huko Man Bac, kaskazini mwa Vietnam, mwaka 2007 wataalamu wa mambo ya kale walifukua kaburi la kijana aliyeishi karibu miaka 4,000 iliyopita. Wenzake walizikwa wamenyooshwa, yeye amekunjwa. Mifupa ya mikono na miguu ilikuwa imekonda mno. Walipofika shingoni wakakuta pingili zimeshikana: ugonjwa adimu wa Klippel-Feil, mtu huzaliwa nao. Kijana alipooza kabla hajakomaa, hata mikono yake haikumfaa sana. Lakini alikufa mtu mzima. Hebu hesabuni wenyewe: kwa miaka kama 10 hivi kuna waliomlisha, waliomwogesha, waliomgeuza usiku asitoke vidonda, nao ni wavuvi na wawindaji wasio na hata kisu cha chuma. Maandishi hawakuacha. Matunzo hayo tumeyajua kwa mifupa hiyo, na shingo ndiyo iliyotaja ugonjwa.

Najua kuna anayesema moyoni, mtu mmoja ni utafiti gani? Ugonjwa adimu ndivyo ulivyo, ukisubiri upate mia utazeeka. Nasi wa Kanda ya Ziwa, ambako watu wenye ualbino wamekatwa viungo kwa imani za uongo, kila siku naambiwa ati wazee wetu wa kale waliwatupa wote waliozaliwa tofauti. Nani alikuwepo? Ushahidi huo tunaufukia chini ya vyoo vyetu.

Ualbino wenyewe hauonekani mfupani. Unatafutwa kwenye vinasaba, ambavyo joto letu huviharibu. Hudumu zaidi katika ule mfupa mgumu wa sikio la ndani.

Wala sisemi tuvunje makaburi ya watu. Wazee wa eneo waulizwe kwanza. Ninachoomba ni jembe lisimame, mifupa ifunikwe turubai pale pale ilipolala, mwenyekiti wa mtaa aitwe awaarifu watu wa mambo ya kale. Na fundi akisema siku yake imepotea, mlipeni.