Anayeuguza Naye Apimwe
(Mhadhara kwa wauguzi na maafisa ustawi wa jamii)

Habari za mchana. Mada niliyopewa ni afya ya akili ya mgonjwa aliyepandikizwa uloto. Ya mgonjwa nitayasema, msiwe na wasiwasi, lakini mnanifahamu: naanza na yule anayemuuguza, aliyekaa kwenye kiti pembeni ya kitanda, kwa sababu yeye hana faili.

Upandikizaji wenyewe mnaujua. Muhimbili walianza 2021, Benjamin Mkapa pale Dodoma 2023 kwa watoto wenye selimundu. Kemo, yaani dawa kali za kuua uloto wa zamani, siku ya sifuri, yaani siku ya kuwekewa uloto mpya, kisha kusubiri neutrofili, zile chembe nyeupe za kupambana na vijidudu, zivuke 500 kwa mikrolita ya damu siku tatu mfululizo. Mdomo umejaa vidonda, mtoto hamezi hata mate, yuko kwenye mofini. Hapo kila mtu yupo: daktari anapita, muuguzi anapima joto, shangazi anapiga simu kutoka Tabora. Mama anajikaza.

Basi tunadhani mtoto akiruhusiwa, kazi imekwisha. Wapi! Kazi inaanza siku mama anapokabidhiwa mfuko wa dawa. Saiklosporini, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, kila baada ya saa 12, tuseme saa 2 asubuhi na saa 2 usiku. Asiklovia ya virusi. Flukonazoli ya fangasi. Septrini ya bakteria. Anakaa chumba cha kupanga karibu na hospitali, mara nyingi mpaka siku ya 100 tangu ile ya sifuri. Homa ikifika 38 ni kuja hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni saa 9 usiku, na asimpe panado kwanza asubiri. Kwa hiyo anaamka kila mara kumgusa mtoto paji la uso. Wiki tatu za usingizi wa namna hiyo, kumbukumbu itatoka wapi?

Siku ya kliniki tunapima kiwango cha saiklosporini kwenye damu, na tumemwambia: dozi ya asubuhi usimpe mpaka damu itolewe. Amesahau, amempa saa 2, damu imetolewa saa 4. Kipimo kinasoma juu, maana dawa ndiyo kwanza imeingia. Daktari anaona imezidi, anapunguza dozi. Siku chache mbele, vipele viganjani na kwenye nyayo, mtoto anaharisha: seli za mtoaji zimeanza kumshambulia aliyepokea. Halafu sisi tunaandika kwenye faili "mzazi hazingatii maelekezo". Hazingatii! Mzazi hajalala, jamani.

Najua mnachotaka kusema: hatuna mwanasaikolojia. Kwani nani kawaambia lazima aanze yeye? Fomu ya PHQ-9 ya Kiswahili, ya kupima sonona, ipo. Maswali tisa, kila moja alama 0 hadi 3, linauliza wiki mbili zilizopita. Dakika kumi. Mpimeni kabla ya kemo, siku ya kuruhusiwa, na siku ya 100. Akifikisha 10, kaeni naye, kisha mpelekeni kitengo cha afya ya akili. Swali la tisa, lile la kutamani kufa au kujidhuru, akijibu lolote zaidi ya 0 haondoki kabla ya kuonana na mtu, hata kama jumla yake ni 4. Na msimuulize mbele ya mgonjwa wala mbele ya mume. Mbele ya mtoto kila mama atasema "namshukuru Mungu", mtajaza sifuri tisa na kuondoka mmeridhika.

Mwingine ataniambia mama ana imani yake, inamtosha. Imani anayo na inamsaidia sana. Mtu wa kumpokea zamu ndiye hana. Kabla ya siku ya sifuri waandikwe watu wawili wa kuuguza, majina na namba za simu, na wote wawili wafundishwe dawa, si mmoja kumsimulia mwenzake. Daftari moja: saa, dozi, nani katoa. Asiye na ndugu wa pili, ustawi wa jamii wajue mapema. Mkingoja mpaka siku ya kuruhusiwa, mtafanya nini tena?

Mgonjwa sasa, upesi, maana mwenyekiti ananionyesha saa. Prednisoloni, ile steroidi anayopewa seli za mtoaji zikimshambulia: mtoto halali, ana hasira, anakula asishibe. Nyumbani watasema ana jini. Waambieni mapema kwamba ni dawa. Dozi ya siku apewe asubuhi, na isikatishwe ghafla hata akiwakera vipi.

Ndugu aliyetoa uloto naye mara nyingi ni mtoto. Mwenzake akizidiwa, anadhani uloto wake ndio mbaya. Aambiwe waziwazi kwamba si kosa lake, kabla na baada. Kuhusu uzazi, kwamba kemo inaweza kuua mayai na mbegu, familia ielezwe kabla ya kemo. Nilikuwa na mengi hapo, naruka.

La mwisho, mitishamba. Mama aliyechoka hupokea chochote anacholetewa na jirani. Msimgombeze, muulizeni ni dawa gani na anampa kiasi gani. Ipo inayoshusha saiklosporini mwilini na ipo inayoipandisha, na akiificha mtahangaika na dozi bila kujua kwa nini kipimo kinayumba. Haya, maswali.